Mtumishi na Mfumo Mpya

Mfumo mpya wa kompyuta unapoingia kazini, malalamiko ya kwanza husikika kabla mafunzo hayajaisha. Nywila imekataa, ukurasa unazunguka bila kufunguka, kazi ya dakika tano imekula asubuhi nzima, na mtu aliyekuwa bingwa wa kazi yake jana leo anamwuliza kijana wa TEHAMA abonyeze wapi. Hali hii imeonekana katika benki, hospitali, viwanda na ofisi za serikali duniani kote. Nchini Tanzania inaonekana wazi zaidi Dodoma na katika mikoa ya uwanda wa kati. Mifumo inayowahusu watumishi wa umma wa nchi nzima husimamiwa Dodoma, na watumiaji wake wenye mazingira magumu hawako mbali na ofisi hizo. Kutoka Mji wa Serikali Mtumba hadi zahanati ya kijiji wilayani Bahi au shule ya msingi wilayani Chemba ni safari ya saa chache tu kwa gari. Mwandishi wa waraka na mtekelezaji wake wanapigwa na jua lilelile, ila mmoja anafanya kazi kwenye jengo lililounganishwa na mkongo wa taifa, na mwingine anazunguka uwanja wa shule akitafuta mahali simu inaposhika mtandao.

Wasimamizi wengi huyapa malalamiko hayo majina mawili: uvivu na woga wa teknolojia. Majina hayo yanapotosha. Mtumishi huyohuyo anayeitwa mwoga hutuma pesa kwa simu kila siku, huangalia salio la benki kwa simu na huongoza kikundi cha kuweka na kukopa kwenye WhatsApp. Malalamiko yake yakichunguzwa moja moja, mengi ni taarifa za kweli kuhusu kazi. Yanaonyesha mahali ambapo mjenzi wa mfumo hakujua kazi inafanywaje, na saa za nani zinatumika kulipia pengo hilo.

Tanzania ilikutana na jambo hili mapema. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta, jaribio likaharibika kiasi cha hesabu kurudishwa mikononi mwa makarani, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, polepole, na kizazi kipya cha maofisa kilichopata kompyuta za mezani hakikurithi kumbukumbu ya kilichotokea. Ni hasara kubwa. Nchi iliyowahi kuufunga mlango wa kompyuta kwa sababu ya mfumo ulioshindikana ilikuwa na sababu ya kuanza kila mfumo uliofuata kwa kumkalisha mtumiaji na kumsikiliza.

Wimbi la sasa lina taasisi na sheria nyuma yake. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ikaifanya Mamlaka. Wakati huohuo Serikali ilikuwa inahama. Agizo la mwaka 2016 liliziondoa wizara Dar es Salaam, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Kwa hiyo maelfu ya watumishi walibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja: mji wa kuishi na namna ya kufanya kazi. Malori yalibeba majalada kutoka pwani, na muda si mrefu majalada yenyewe yakaanza kuhamia kwenye skrini.

Ukubwa wa badiliko hilo hauonekani mpaka masijala itazamwe kwa karibu. Barua ikiingia, karani huigonga muhuri wa tarehe, huitafutia jalada lake, huitoboa na kuifunga ndani, huipa namba ya folio kwa wino mwekundu, kisha huandika kwenye karatasi ya madokezo jalada liende kwa nani. Jalada hupanda hadi kwa mkurugenzi, hushuka likiwa na maelekezo ya mkono wake, na kila linapopita husainiwa kwenye kitabu cha kupelekea. Jambo lisilo na jalada huandikiwa dokezo sabili. Hizo ndizo hatua, na hatua zinaandikika. Karani mzoefu, hata hivyo, alikuwa na elimu nyingine isiyoandikwa popote. Alijua kwamba majina mawili yanayofanana ni ya watu wawili tofauti. Alijua ni mkuu gani hufungua majalada asubuhi na yupi huyaacha hadi jioni. Alijua kwamba jalada la madai ya watumishi likilala kwa mhasibu siku tatu, lazima mtu aende akagonge mlango. Mfumo wa Ofisi Mtandao umeichukua njia ya jalada na kuiweka kwenye kompyuta, na umefanya hivyo vizuri: dokezo halipotei, na mkurugenzi aliye safarini anaweza kulijibu. Elimu ya karani haikuingia kwa urahisi hivyo, kwa kuwa wachora mifumo huuliza hatua za kazi kwa wakuu, na wakuu hawajawahi kukaa masijala. Karani huyo anaposema kwamba mfumo mpya haujui ofisi, anasema jambo sahihi kabisa.

Mfano uliowagusa watumishi wengi zaidi ni tathmini ya utendaji. Hadi mwaka 2004 tathmini ilikuwa ya siri: mkuu aliandika, mtumishi hakuona. Mwaka huo ukaja utaratibu wa wazi uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza, OPRAS, ambapo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, wakayapitia katikati na kuyapima mwishoni. Nia ilikuwa njema. Katika ofisi nyingi fomu ilijazwa yote kwa siku moja, malengo pamoja na matokeo, ikapelekwa kwa ofisa utumishi na kufungiwa kabatini. Katika mwaka wa fedha 2023/24 OPRAS iliiachia nafasi PEPMIS, mfumo wa kielektroniki unaosimamiwa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Sasa kazi zinashuka kutoka mpango wa taasisi hadi kwa mkuu wa idara, kwa msimamizi, kwa mtumishi. Mtumishi anaingia kwa akaunti yake, anaandika amefikia wapi, na msimamizi anathibitisha.

Muda wa kuanza haukuwa rafiki. Kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Mafunzo yalishuka kwa njia iliyozoeleka, ya mkufunzi kumfundisha mkufunzi: wachache wakafundishwa ngazi ya juu, wakawafundisha maofisa wa halmashauri, hao wakawafundisha wakuu wa shule na wa vituo, na wakuu wakarudi kuwaeleza wenzao kwa kumbukumbu. Kila ngazi maelezo yalipungua. Mwalimu wa ngazi ya mwisho alipata picha za skrini kwenye kundi la WhatsApp, tarehe ya mwisho, na onyo. Hakupewa kompyuta wala bando. Aliingia kwenye mfumo wa Serikali kwa simu yake mwenyewe na kwa vocha aliyonunua mwenyewe, usiku, kwa sababu mchana mtandao ulikuwa mzito na darasa lilikuwa linamsubiri.

Hapo penye darasa ndipo ugumu mkubwa ulipo, na haupungui hata mtandao ukiwa mzuri. Kazi ya mtakwimu wa wizara inagawika: kukusanya takwimu, kuzichambua, kuandika taarifa. Kila kipande kina tarehe na kinaweza kupewa asilimia. Kazi ya mwalimu wa darasa la pili haina umbo hilo. Mtoto aliyefika Januari hajui kuunganisha silabi huendelea hivyo Februari, Machi na Aprili, huku mwalimu akirudia herufi zilezile kwa nyimbo, kwa vijiti, kwa vizibo vya soda. Kisha wiki moja mtoto husoma sentensi nzima. Asilimia ya wiki ya tatu ya Machi ni ngapi? Mwalimu mwaminifu anashindwa kujaza, na asiye mwaminifu anajaza haraka. Mfumo usioweza kuwatofautisha hao wawili haupimi ualimu. Unapima ujazaji. Jambo hili linastahili hasira, kwa sababu tathmini hiyo ndiyo inayoambatanishwa na matumaini ya kupanda daraja, na daraja ndilo mshahara.

Upande wa afya unaonyesha kero nyingine, ya kazi kufanywa mara mbili. Tangu miaka ya 1990 vituo vya afya vya Tanzania vimetunza kumbukumbu kwa vitabu vya MTUHA: namba 5 wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 7 watoto, namba 12 wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi takwimu hujumlishwa na kuingizwa kwenye mfumo wa taifa wa takwimu za afya, DHIS2. Halmashauri nazo zimesambaza GoTHOMIS, mfumo unaomsajili mgonjwa, kutunza taarifa za matibabu na kupokea malipo. Katika kituo chenye muuguzi mmoja wa zamu, mama mjamzito anaandikwa kwenye kadi yake, anaandikwa kwenye kitabu namba 6 chenye safu nyembamba zinazovuka kurasa mbili, kisha anaingizwa kwenye kompyuta. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inasubiri na kitabu kinaendelea. Umeme ukirudi, muuguzi anahamisha majina kutoka kitabuni. Kwenye benchi nje wajawazito waliotembea tangu alfajiri wanahesabu zamu. Muuguzi huyo akiulizwa juu ya mfumo hasemi kwamba kompyuta ni mbaya. Anauliza kitabu kitaondoka lini.

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mfumo mpya huahidi kuondoa kazi, na ahadi hutimia siku kazi ya zamani inapoondolewa. Ofisi nyingi huongeza bila kupunguza. Likizo inaombwa kwenye mfumo, halafu ofisa anataka nakala iliyochapishwa na kusainiwa iwekwe jaladani. Taarifa ileile ya mtumishi, jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo, kituo, inatakiwa na mifumo mitatu isiyosomana. Kusomana kwa mifumo kumekuwa agizo la viongozi wa juu wa nchi, na ni agizo sahihi. Mpaka litimie, kinachounganisha mfumo na mfumo ni vidole vya mtumishi.

Ununuzi wa umma ulipita njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Mfumo wa TANePS ulikuwa bado unazoeleka mwaka 2023 ilipokuja NeST, iliyojengwa na wataalamu wa ndani chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, na kabla mwaka kwisha mfumo wa zamani ukafungwa. NeST imesaidia uwazi. Ilipofika ngazi ya shule na zahanati, ilikuta kamati za kijiji zilizozoea kununua saruji na mbao kwa muuzaji wa senta, ambaye hakuwa amejisajili popote, na mwalimu mkuu aliyegeuka ofisa ununuzi bila kusomea.

Ugumu ukizidi, watu hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ya uwanda wa kati ni steshenari. Karibu na kila ofisi ya halmashauri na kila stendi kuna kibanda chenye kompyuta moja, printa na kijana anayejua mifumo yote. Mtumishi aliyeshindwa humpelekea namba yake ya utumishi na nywila, humlipa, na baada ya nusu saa kila kitu kimejazwa. Kijana huyo anatoa huduma ya kweli, mara nyingi kwa upole kuliko ofisi iliyopaswa kuitoa. Lakini ameachiwa akaunti ya mtumishi wa umma yenye taarifa zake zote, na maneno aliyojaza hayajasomwa hata na mwenyewe. Wakubwa wanapoona asilimia ya waliojaza imepanda huamini kwamba mfumo umekubalika. Umekubalika steshenari.

Kuna pia woga, na una sababu zake. Kwa watumishi wengi, mifumo ya taarifa za kiutumishi imefungamana na uhakiki. Mwaka 2016 ulikuwa wa kusaka watumishi hewa kwenye orodha ya mishahara. Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ilikomboa fedha za umma. Ilifundisha pia kwamba data iliyo kwenye kompyuta ya Serikali inaweza kumwondoa mtu kazini kwa siku moja, na kwamba tofauti ya herufi moja kati ya jina la cheti na la kitambulisho ni jambo la kumkosesha mtu usingizi. Kila mfumo mpya unaomtaka mtumishi aingize taarifa zake upya unaamsha kumbukumbu hiyo. Mwenye kuuleta hana budi kueleza wazi taarifa zitatumikaje, na mtu afanye nini mfumo ukikosea.

Mifumo hukosea, na gharama ya kutokubali hilo imeonekana Uingereza. Mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, ulianza kutumika kwenye posta mwaka 1999. Waendeshaji wa posta ndogo walipolalamika kwamba kompyuta inaonyesha upungufu wa fedha ambao haupo, waliambiwa mfumo ni imara. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Mwaka 2019 mahakama ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likafuta hukumu kwa sheria maalumu. Walalamikaji walikuwa sahihi kwa miaka ishirini. Kanada nayo iliwasha mfumo wa mishahara wa Phoenix mwaka 2016 baada ya kuwaondoa mamia ya washauri wa mishahara waliojua mambo yanayoharibika. Maelfu kwa maelfu ya watumishi wakalipwa pungufu, wakalipwa zaidi, au hawakulipwa kabisa. Fedha na wataalamu havikukosekana katika nchi hizo mbili.

Mtafiti Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliyechunguza miradi ya serikali mtandao katika nchi zinazoendelea, alikadiria mwaka 2003 kwamba asilimia 35 ilishindwa kabisa, asilimia 50 ilishindwa kwa sehemu, na asilimia 15 tu ilifanikiwa. Sababu aliyoitaja ni pengo kati ya mchoro na hali halisi: mfumo huchorwa kwa ofisi iliyo kichwani mwa mchoraji, kisha hupelekwa kwenye ofisi iliyopo. Kwa Dodoma, pengo hilo lina umbali unaopimika kwa kilomita, nao si mkubwa. Mchoraji akiamua, anaweza kuondoka Mtumba asubuhi, akakaa masijala ya halmashauri ya Chamwino au chumba cha kliniki cha Kongwa siku nzima, na kurudi nyumbani jioni.

Haki inadai faida zitajwe pia, kwani watumishi wenyewe wanazitaja. Zamani mwalimu wa Manyoni au Mpwapwa aliyetaka uhamisho alifunga safari hadi Dodoma na bahasha mkononi, akalala nyumba ya wageni, akapanga foleni TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na akarudi bila jibu. Leo ombi linapitia mfumo wa huduma binafsi kwa mtumishi, na anaweza kuona limefika kwa nani. Hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni ile. Mfumo huo ulipokelewa vizuri kwa sababu nyepesi: uliondoa safari, nauli na unyonge wa kusubiri mlangoni. Ulichukua mzigo kutoka kwa mtumishi kabla ya kumdai chochote.

Chombo cha kuzungumzia mambo haya kabla hayajaharibika kipo tayari. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliwapa wafanyakazi nafasi ya kushiriki katika uendeshaji wa sehemu zao za kazi, na mabaraza ya wafanyakazi ya taasisi za umma bado hukutana kila mwaka, kwa kawaida kupitia bajeti. Mfumo mpya unabadilisha siku ya mfanyakazi kuliko fungu lolote la bajeti, na hivyo unastahili kufika barazani ukiwa bado mchoro, mbele ya karani, dereva, muuguzi na mwalimu, kabla ya kusainiwa kwa kitu chochote. Majaribio yafanyike kwanza penye umeme wa shida na mtandao wa shida, kwa kuwa mfumo unaofanya kazi Chemba utafanya kazi Mtumba, na kinyume chake hakina uhakika. Saa za kujifunza zihesabiwe kuwa saa za kazi, na bando lilipiwe na mwajiri kama inavyolipiwa karatasi. Na waraka unaowasha mfumo mpya utaje, kwa jina na namba, kitabu kipi au fomu ipi inakoma kutumika siku hiyohiyo; kama hakuna kinachokoma, mfumo huo haujawa tayari kuwashwa.